Matundu ya Fundi Polepole

Saa mbili asubuhi mvua bado inanyesha. Ndani ya karakana ya mabati, Fundi Polepole amepiga magoti mbele ya pikipiki ya milimani ya binti yake. Amefungua kifuniko cha ubavuni mwa injini, na sasa anafunga pete nene ya chuma kwenye gurudumu la sumaku, lile linalozunguka pamoja na injini.

"Pikipiki hii ina pupa," ananiambia mimi mgeni wake. "Ukipunguza mafuta kidogo kwenye tope, inazima. Ikibeba uzito huu, inazunguka kwa utulivu. Haizimi ovyo."

Jina la Polepole alibandikwa na wateja, wala si kwa kumsifu.

Binti yake hupeleka dawa kwenye zahanati iliyo juu mlimani. Msimu uliopita wa mvua pikipiki ilimzimikia katikati ya mwinuko, ikarudi kinyumenyume, ikamlalia. Alilazwa miezi minne. Leo ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu wa kushoto ameunyoosha.

"Mimi na pikipiki sote tumetiwa vyuma," anatania. Baba yake hacheki.

Binti anapotoka kuchota maji ya kuoshea kifuniko, fundi ananigeukia, anashusha sauti. Mezani kuna pete nyingine, imejaa matundu.

"Ile ndiyo ya kwanza. Pete lazima ilingane pande zote, la sivyo injini itatikisika mpaka ipasuke. Upande ukiwa mzito, unautoboa kidogo. Sasa ile ililingana siku ileile niliyoikereza. Mimi nikaendelea. Natoboa huku, ulinganifu unapotea, natoboa kule kuurudisha. Kila akiuliza, namwambia bado."

Alitaka mvua ziishe kabla pikipiki haijapona. Wiki mbili nzima alimzungusha mwanawe namna hiyo. Kisha jana akaiweka pete kwenye mizani: karibu theluthi ya uzito ilikuwa imeishia sakafuni, vumbi la chuma.

"Uzito wenyewe ndio wa kumshikilia kule juu," anasema. "Mimi baba yake nilikuwa naumega kidogokidogo, eti nampenda."

Akakereza nyingine usiku uleule.

Binti amerudi. Amesimama mlangoni na ndoo, na ni wazi amesikia.

"Nilijua, Baba. Chuma gani hicho kisicholingana wiki mbili?"

"Mbona hukusema?"

"Na mimi naogopa. Nilikuwa nafurahi ukisema bado."

Fundi anakaza nati ya mwisho, anarudisha kifuniko, anawasha. Injini inanguruma chini, taratibu. Anapunguza mafuta mpaka inakaribia kunyamaza, haizimi. Uso wake unazidi kukunjamana, kwa kuwa sasa hana kisingizio.

Dawa zinapanda kesho. Mtu mwingine wa kuzipeleka hajapatikana.

Fundi anafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Natumaini pete hii itachakaa," ananiambia. "Ichakae kabisa. Halafu aje yeye mwenyewe, kwa miguu yake, aniambie, Baba, tia nyingine."