Taa Kumi Juu ya Rafu

Walimwita Bi Jicho, na jina hilo hakupewa bure. Enzi zake alikuwa akisimama kizingitini na kumwambia mpita njia wa ng'ambo ya barabara, "Wewe, pindo la kushoto limepanda," na ukipima, kweli limepanda. Ushonaji alifundishwa na shangazi yake, mama mkali aliyemchapa kwa futi ya mbao kila mshono ulipopinda, na tangu hapo hakuna mshono uliompita. Wala neno, wala mtu. Mteja akiapa kwamba kiuno chake hakijaongezeka, Bi Jicho alipitisha utepe bila kumjibu.

Basi fikiria masaibu yake jicho lenyewe lilipoanza kumsaliti. Lilianza kama ukungu. Sindano za siku hizi, alilalamika, zinatengenezwa na watu wasio na adabu, matundu hayaonekani. Kisha uzi mweusi na wa buluu zikawa ndugu. Suruali ya buluu ya karani mmoja ikarudi na malalamiko, mshono mweusi umeikata katikati, na Bi Jicho akamwapia kwamba ndiyo fasheni. Mwisho akaenda kwa daktari kwa siri, akimdanganya mumewe kwamba anafuata vifungo sokoni. Akaambiwa ni mtoto wa jicho, na kwamba hutolewa kwa kisu kidogo tu. Alikimbia hicho kisu kidogo mpaka nyumbani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye alificha, na bado akazaa mtoto wa jicho. Akaapa hakuna atakayejua. Mshonaji asiyeona hana mteja, na bila wateja yeye angekuwa bibi tu aliyekaa dirishani.

Mwenye siri huona siri kila mahali. Ndiyo maana mumewe alipoingia na ule ubao, alishtuka kabla hajajua anashtukia nini.

Mumewe alikuwa fundi redio, mrefu, mkavu, mpole, na mtaa mzima ulimwita Waya. Ubao ulikuwa mpana, una taa kumi: nne nyekundu juu, sita za kijani chini. Taa zile ziliachana kiganja kizima, na kila moja ilifunikwa karatasi laini, kama kitu kinachofichwa. Waya aliuweka juu ya rafu, ukatazama dirishani.

"Nini hicho?"

"Kitu changu cha kuchezea. Kizoee tu."

"Mzee mzima na vitu vya kuchezea?"

Waya akatabasamu, akaondoka kwenda kibandani kwake. Tabasamu hilo Bi Jicho hakulipenda hata kidogo. Katika ndoa yao ndefu, Waya alikuwa akieleza hata soketi, utake usitake, mpaka usingizi ukushike.

Akaanza kuuchunga ubao. Taa alizimudu: zilivimba kidogo katika ukungu wake, lakini hazikuchanganyikana. Za kijani zilikuwa na kiherehere, zinazima na kuwaka. Nyekundu zilitulia kwa muda mrefu, kisha ghafla zinabadilishana zamu. Hazikuwa za kumulika, maana hazimuliki kitu. Hazikuwa za pambo, maana pambo halibadiliki hivyo. Na zilitazama dirishani, na ng'ambo ya dirisha aliishi mjane mmoja mwenye mapazia ya waridi. Mapazia hayo aliyashona Bi Jicho mwenyewe, na sasa alijuta kuyashona vizuri.

Hakuweza kunyamaza. Akamwita wifi yake, dada wa Waya, mwanamke ambaye angepaswa kumtetea kaka yake lakini alipenda habari kuliko ukoo.

"Hizo ni ishara, wifi," akasema dada mtu, mikono kiunoni. "Nyekundu, subiri. Kijani, njoo. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Kwa hiyo anamuonyesha yule mjane?"

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

Kuanzia hapo chakula hakikupanda. Bi Jicho alikaa kwenye cherehani yake ya dirishani, mguu ukisukuma, vidole vikipapasa mshono ambao macho hayauoni, kichwa kikigeuka kutoka rafuni kwenda kwenye mapazia ya waridi. Pazia halikutikisika. Mjane alikuwa mjanja, akaamua.

Asubuhi moja wifi akarudi mbio, kanga begani, pumzi juu.

"Nimemuuliza fundi mmoja anayefanya kazi na kaka. Ni saa!"

"Saa gani isiyo na mishale?"

"Saa ya taa. Nyekundu ya kulia kabisa ni moja. Ya pili ni mbili, ya tatu nne, ya kushoto nane. Zinazowaka unajumlisha. Za chini ni dakika, hizo achana nazo."

Wakaugeukia ubao. Ilikuwa inawaka nyekundu moja tu, ya tatu kutoka kulia.

"Nne," akasema Bi Jicho. "Hebu soma simu yako. Yangu sijui nimeiweka wapi." Ilikuwa mfukoni mwake.

"Kumi," akasoma wifi. "Kumi na dakika mbili." Wakatazamana. "Wifi, hii saa iko nyuma kwa saa sita!"

Kisha wifi akasema polepole, kama anayeweka sufuria ya moto chini, "Kaka si aliwahi kufanya kazi nje? Huko ambako jua huchelewa?"

Bi Jicho alikumbuka. Kabla ya ndoa, miaka miwili ng'ambo, na koti zito alilorudi nalo ambalo hakuwahi kusema alinunuliwa na nani. Kumbe si mjane. Mjane maskini hana kosa. Kuna mtu huko mbali, na Waya ameweka sebuleni saa ya huyo mtu, apate kujua ameamka au amelala. Akashika mkasi wake mkubwa wa vitambaa, ambao hakuwahi kuuruhusu ukate hata karatasi, akaupeleka kwenye nyaya za ubao.

"Mama, utapigwa shoti."

Waya alikuwa mlangoni. Alirudi kuchukua koleo.

"Huyo wa ng'ambo ni nani?" akafoka Bi Jicho. "Aliyekupa koti! Nimesoma saa yako, usifikiri sijasoma. Iko nyuma kwa saa sita!"

Waya akatazama mkasi, akamtazama dada yake, akaelewa nusu.

"Taa zinasema ngapi?"

"Nne!"

"Na sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa nne," akasema Bi Jicho kwa hasira, kisha mdomo ukabaki wazi.

Wifi akaitazama simu yake yenye kumi, akaigeuza juu chini.

"Nimeitegesha kama tunavyosema," akasema Waya, "ili usipate kazi ya kupiga hesabu."

"Nisipate mimi?"

Waya aliangalia rafu, akaangalia dirisha. Bi Jicho akafuata uso wake, na ndipo alipoona kile ambacho siku zote hizo hakukiona: katikati ya rafu na dirisha kulikuwa na kiti kimoja tu, chake.

"Tangu lini unajua?" Sauti ilitoka nyembamba.

"Tangu suruali ya karani. Saa ya ukutani unaitazama, halafu unaniuliza saa ngapi."

"Ungeniambia!"

"Ungekubali? Kukufundisha wewe nani anaweza? Lakini nakujua. Ukikishuku kitu, hulali mpaka ukijue."

Bi Jicho aliona aibu, na hasira, na chini yake furaha aliyotaka kuificha nayo akashindwa. Akamgeukia wifi yake, mdomo wa mtaa mzima. Wifi akajifunga kanga vizuri.

"Msinitazame. Hata mimi siku hizi sioni vizuri."

Waya akakaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia. "Hospitali tutakwenda wote. Kesho. Tutoke saa moja."

Kesho yake Bi Jicho alikuwa amekaa kitini mapema, mkoba mapajani. Nyekundu mbili za kushoto zilikuwa zinawaka, nane na nne. Mara kijani zote zikazima, zile mbili zikazima, na ya kulia kabisa ikawaka peke yake.

"Saa moja, baba," akaita, kabla Waya hajasema neno. "Vaa viatu."