Yaya wa filamu ya kutisha akosa watoto wa kulea

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yaya anatandika vigodoro sita sakafuni kwa mazoea, kisha anaufungua mlango wa mbele na kuuegemezea jiwe usijifunge. Baridi inaingia. Siku hizi hauachi umefungwa, ili kila apitaye aone anachofanya ndani.

Mama mmoja anafika mikono mitupu. Amefuata mfuko wa nguo za mwanawe.

"Dada, usinifikirie vibaya. Baba mtoto ameiona ile filamu."

"Ameiona mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Makubwa! Mtu akiogopa anarudia?"

Wanacheka kidogo, halafu kicheko kinakatika. Mama anachukua mfuko na kuondoka. Mwaka jana yaya alikuwa na watoto kumi na mmoja. Leo amebakiwa na mmoja.

Filamu yenyewe ilipigwa kwa siku sita, kwa kamera moja, katika nyumba ya kupanga. Inahusu yaya anayesikia sauti ukutani mpaka anaimaliza familia nzima. Gazeti moja liliiita takataka. Vibanda vya video vikajaa hadi watu wakachungulia madirishani.

Yaya huyu hakuitwa kuigiza. Aliitwa kumbembeleza mtoto mchanga nyuma ya kamera.

"Mwigizaji mwenyewe alimshika mtoto kama tikiti," anasimulia. "Mtoto akalia mpaka akakauka sauti. Nikimchukua mimi, kimya. Siku ya pili mwongozaji akasema, basi ingia wewe."

Kwa hiyo kwenye filamu anaonekana ameshika kisu mkono mmoja, na mkono wa pili mtoto amelala fofofo begani kwake. Hapo ndipo watazamaji hupiga kelele.

"Kisu kilikuwa cha plastiki," anasema, macho yake yakiwa sakafuni. "Ila usingizi wa yule mtoto ulikuwa wa kweli. Wangeniogopa kwa kisu ningeelewa. Wananiogopa kwa sababu najua kulea."

Mtaani sasa anaitwa Mama Kisu. Hata binti yake, anayesoma darasa la sita, huomba asifuatwe shuleni.

"Anasema, 'Mama, nisubiri kona ile.' Nasubiri. Nifanyeje?"

Wiki iliyopita mwongozaji alirudi kumtaka kwa sehemu ya pili. Alimkatalia. Lakini kodi ya chumba haimsubiri, na ada ya mtoto mmoja haiilipi. Juzi yaya akamtumia mwongozaji ujumbe kwamba atakubali kwa sharti moja: safari hii abebeshwe mwanasesere, na kamera imwonyeshe karibu kabisa, mpaka kila mtu aone kuwa ni mwanasesere.

"Akanipigia hapo hapo. 'Yaya, utaniharibia kazi, hakuna atakayeogopa!'"

Anamgeuza mtoto aliyebaki ubavu wa pili, anamfunika miguu.

"Nikamwambia, kaka yangu, ndicho ninachokitaka."