Ndizi za Kinole na Dawa ya Buluu

Juma lililopita, nikingojea dawa ya kikohozi katika zahanati moja hapa Morogoro, niliketi karibu na mjamzito na mama yake, walioteremka kutoka Kinole na kikapu cha ndizi mbivu. Mtoto wa kwanza wa binti huyo alizaliwa mkubwa mno, wala hakuishi. Safari hii mganga aliona katika mkojo wake sukari, ile inayomkuza mtoto tumboni kupita kiasi, akamkataza ndizi mbivu, miwa na uji wa asali, vitu ambavyo mama yake alikuwa akimlisha kutwa ili mjukuu asizaliwe na uchu.

Sasa alikuwa akipimwa tena. Mganga alichanganya mkojo na dawa ya buluu, akaichemsha juu ya taa ya spiriti. Ikigeuka nyekundu kama tofali, sukari ingali ipo. Mama alijifunika uso kwa upindo wa kanga.

"Tazama, mama," mganga akasema.

"Nitazame nini, baba? Wewe sema tu."

"Imebaki buluu. Sukari hakuna."

Mama akashusha pumzi, akashusha na kanga, kisha mkono wake ukaenda moja kwa moja kikapuni. "Basi na ale, si amepona?"

"Mama!" binti akang'aka. "Imebaki buluu kwa sababu sikula!"

Mama aliitazama ndizi kwa huzuni, kisha akanigeukia. "Haya, kula wewe, mwanangu. Wewe huna mimba."

Nikaila kwa heshima zote za mwakilishi wa mjukuu wake, nikasahau hata kikohozi kilichonipeleka.