Limau Juu ya Altare

Harufu ya limau kwenye jiwe lililoloa maji hunisimamisha njiani mpaka leo. Wenzangu wakiinusa hukumbuka dawa ya mafua. Mimi huiona Jumamosi moja katika kanisa la kigango chetu cha Kalama, mama yangu amepiga magoti mbele ya altare mpya, mikono imejaa povu, anaimba. Nilikuwa na miaka kumi. Mwaka huo mvua ilitukataa, mahindi yakajikunja shambani, lakini mlimau uliokuwa nyuma ya jikoni ulizaa mpaka matawi yakainama, na mama alisema hiyo ndiyo sadaka tuliyojaliwa kuwa nayo.

Baba yangu alikuwa fundi wa mawe, na hakuna aliyemzidi pande zetu. Alifanyia kazi kando ya ghala, na mimi nilikuwa mmwaga maji wake: yeye akisugua, mimi namwaga kidogo kidogo ili vumbi lisipande na jiwe lisipate moto. Hapo ndipo aliponifundisha majina. Uso mbichi ni ule ambao jiwe hutoka nao machimboni, na huo hauhitaji chochote ila ufagio. Uso wa nyundo una vidonda vidogo vinavyozuia mtu kuteleza, ndiyo maana huwekwa kwenye ngazi. Uso wa msasa ni laini kwenye kiganja lakini haung'ai. Kisha kuna uso wa kioo, ambao mtu huupata baada ya kusugua kwa mawe ya kukwaruza, halafu laini, halafu laini zaidi, na mwisho kwa unga na kitambaa kibichi, mpaka ukiinama unajiona meno. Ili kujua kama jiwe jeupe ni marumaru, alikamua tone la limau juu ya kipande na kuniita. "Ona hiyo povu," akasema. "Hiyo sasa ni marumaru ya ukweli." Nilikaa na neno hilo kama siri yetu sisi wawili. Hakuniambia kwamba lile povu ni jiwe linaloliwa na ukali wa limau.

Altare ilikuwa kazi yake kubwa kuliko zote. Marumaru nyeupe ililetwa kwa lori kutoka upande wa Kajiado, naye akaisugua kwa wiki tatu mpaka ikawa uso wa kioo. Mama naye alikuwa na lake. Hakuwa na sauti ya kuongoza nyimbo, wala hakusoma vya kutosha kusimama mbele na kusoma masomo, lakini yeye ndiye aliyeongoza akina mama waosha kanisa. Ufunguo wa chumba cha sakristia aliuvaa shingoni kwa kamba, pamoja na rozari, na sikupata kumwona akijivunia kitu kingine. Askofu alikuwa aje Jumapili kubariki altare. Basi Jumamosi asubuhi mama alifanya kile ambacho kila mama wa kwetu hufanya wageni wakija huku sufuria ni nyeusi: akabeba malimau kwenye kiondo, jivu kwenye kopo na nyuzi za mkonge, akaenda kusugua kwa nguvu zake zote.

Nami nilikuwepo, nikimwaga maji. Nilipoona povu nilirukaruka kwa furaha, nikimwita mama. "Mwaitu, inatoa povu! Ni ya ukweli!" Mama alicheka, akakamua limau jingine.

Ilipokauka, altare ilikuwa imefifia kama uso wa mtoto asiyepakwa mafuta. Mama alidhani ni maji, akaipangusa kwa leso yake. Akapangusa tena. Katekista alipoingia aliona mara moja, akatuma mtu amwite baba na wanakamati wa kanisa. Baba alipitisha kidole juu ya jiwe, taratibu, akakitazama kidole chake. "Imeungua," akasema. "Hii jiwe imekufa. Hairudi tena." Mwenyekiti wa kamati akamuuliza kama alikuwa amewaeleza akina mama namna ya kuitunza. Baba akajibu, "Mimi niliwaachia ikiwa sawa. Kila mtu anajua marumaru haiwekwi limau."

Kila mtu! Mkewe alikuwa amesimama hapo, jivu mpaka kwenye viwiko, na baba hakumtazama. Nami niliyelijua povu niliificha ndoo nyuma ya miguu yangu.

Jumapili altare ilifunikwa kitambaa kirefu mpaka chini. Askofu alibariki kitambaa. Baada ya misa mweka hazina wa akina mama alimshika mama mkono, kwa upole kabisa, akasema, "Mama Nduku, wewe pumzika kidogo. Wacha wengine waoshe." Mama aliinamisha kichwa akavua ule ufunguo. Hiyo kidogo iliendelea mpaka alipokufa. Tangu siku hiyo alikaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, na nyumbani kwetu limau halikukatwa tena. Mwezi uliofuata baba alipewa kazi ya sakafu ya kanisa lote. Tulikula vizuri msimu ule, na hilo pia linaniuma.

Leo nina jiko langu mjini Machakos, na meza yake ya kukatia mboga ni ya marumaru. Mwaka huu mgeni aliacha nusu ya limau juu yake, na alipoondoka kulikuwa na duara lililofifia. Nilikaa chini nikalia kabla sijamwita fundi, kijana mmoja wa Kangundo. Alilitazama akacheka. "Madam, hii ni kitu kidogo sana. Nipige msasa na maji, alafu poda. Hata ingekuwa meza nzima, saa sita hutajua ilikuwa wapi." Na kweli, hata saa sita haikufika. Nilimtazama akienda kutoka msasa wa kukwaruza hadi laini, halafu laini zaidi, mwisho unga na kitambaa kibichi. Nilizijua hatua zote. Nilizimwagia maji utoto wangu wote, na sikuwahi kujiuliza.

Kesho yake nilikwenda Kalama. Baba ni mzee sasa, anaota jua kando ya lile ghala. Sikumzungusha. "Tata, ulijua ile altare inaweza kurudi?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulisema imekufa?"

"Ningeirudisha, wangesema kosa ni langu, mbona sikuwaambia mapema. Na sakafu walikuwa bado hawajanipa." Akatazama mikono yake. "Nilifikiri mama yako atasahau."

Asubuhi moja. Hicho ndicho alichomnyima, asubuhi moja ya kusugua, na mama akailipia kwa maisha yake yote kwenye benchi la mlangoni. Jeneza lake lenyewe liliwekwa mbele ya kile kitambaa. Nimeshaongea na Padri, ameturuhusu kuisugua altare upya. Nimemwambia baba Jumamosi nitampitia, abebe mawe yake ya kusugulia. Alisema mikono yake haina nguvu tena. Nikamwambia atasugua hivyo hivyo, mimi nitamwaga maji.