Fundi Aliyepanda Gari Bila Kualikwa

Fundi wangu wa Yoba, hapa Gitega, hunusa gari kabla ya kulitazama. Huinama juu ya injini akiwa amefumba macho, vidole vyake vyenye makovu ya moto vikipapasa mipira ya kupitisha mafuta na maji polepole, kama anayetafuta mwiba mguuni mwa mtoto. Ekzosi yangu ilikuwa inaunguza kila kilichokuwa karibu nayo, basi akalowesha tepe ya kuzuia joto, akaizungusha kwenye bomba, akaikaza kwa waya. “Itatoa moshi kidogo mara ya kwanza,” alisema kwa sauti yake ya chini. “Usiogope.” Lakini nilipotaka kumpeleka mke wangu Swabra, mwenye mimba ya miezi minane, kwa mama yake Muyinga, fundi alipanda mbele bila kualikwa.

Moshi ulianza kabla hatujafika mbali. Swabra akashika kiti changu. Nilimtazama fundi, alikuwa anavuta hewa kwa pua, jasho likimtiririka. “Simamisha! Hii iko harufu ya esansi.” Akamtoa Swabra kwanza, akampeleka mbali, ndipo akafungua boneti. Mpira wa esansi, yaani petroli, ulikuwa umelalia ekzosi na kuanza kuvuja. Akaukaza upya, mbali na bomba, kisha akamwendea Swabra, si mimi.

“Mama, mi ndiye niliusogeza ule mpira wakati nafunga. Tangu asubuhi sikumbuki kama niliurudisha. Haya ikanizuia kusema.”

Swabra aliweka mikono tumboni.

“Kaangalie tena,” akasema.

Alikwenda, akaangalia mara tatu, na hakuna aliyemharakisha.