Sensa ya Mizhir

Mizhir anayeendesha jenereta ya mtaa wetu hapa Nasiriyah hakumaliza hata darasa la sita, na mimi, fundi mwenzake, nina cheti cha ufundi. Nalitaja hili mapema ili ujue moyo wangu ulikuwaje. Majirani wakipita wanamsalimu yeye kwanza. Wakimletea wali na bamia, mimi niliyekaa naye benchi moja naulizwa tu, "Kwani na wewe Lafta hujala?" Nilimwonea wivu.

Msimu ule wa joto Haji Shnawa, mwenye jenereta hii na ile ya mtaa wa pili niliyoihudumia mimi, alisema ameagiza mashine mpya. Atakayempatia sensa, kile kidude cha kupimia joto la injini, isiyokufa kwa mtikisiko ndiye atakayekabidhiwa. Kila mmoja wetu achague yake, aifunge kwenye injini anayoihudumia, kisha tungoje Agosti iishe. Mashine ile niliitaka kuliko chakula.

Nilichagua sensa yenye uzi mwembamba ndani, inayosoma joto bila kukosea hata nyuzijoto moja. Mizhir akachukua ya waya mbili nene zilizounganishwa nchani na kushindiliwa ndani ya bomba la chuma. Nikamcheka, nikamwambia hiyo hukosea nyuzi mbili tatu.

"Sawa, fundi," akasema. "Injini ikiungua utaiuliza imezidi nyuzi ngapi?"

Yangu ya kwanza ilikufa siku ya nne, uzi umechoka kutikiswa. Ya pili haikumaliza wiki. Yake ilisoma tu, na waya wake kauacha umelegea, unaning'inia kama mkia wa ng'ombe, ucheze na injini. Kila nilipoutazama niliona unanizomea.

Adhuhuri moja, Mizhir akiwa anaswali, niliuvuta ule waya ukakaza, nikaufunga kwa kipande cha binding, ule waya laini wa kufungia, kwenye fremu isiyotikisika. Nilijiambia naweka mambo nadhifu. Uongo mtupu. Siku ya tatu ukakatika shingoni mwa sensa, na mchana huohuo mkanda wa feni ukateleza. Sensa ilishanyamaza, mashine haikujua izime. Maji yakachemka, gasketi inayoziba kichwa cha injini ikaungua, mtaa mzima ukakosa umeme kwenye joto la Agosti.

Haji akaja amefura, majirani nyuma yake, akauliza nani kaukaza ule waya. Mizhir aliinama, akakipapasa kifundo cha ile binding. Mafundi wote hapa husokota binding kuelekea kulia. Anayesokota kushoto ni mimi peke yangu, kwa kuwa natumia mkono wa kushoto. Alinitazama mara moja tu. Nilikuwa nimeshaandaa la kudanganya.

"Ni mimi, Haji," akasema Mizhir. "Niliukaza mno."

Haji alimshika bega.

"Mtu anayekiri mbele ya mtaa mzima ndiye ninayemtaka," akasema. "Mashine mpya ni yako."

Tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini amefanya vile.

"Una watoto wanne, Lafta. Angekufukuza," akajibu, akaanza kufungua boliti za kichwa cha injini.

Nilitaka kumshukuru, nikaishia kumpa spana. Kosa nililifanya mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, na hata hilo akanipokonya, akajipatia sifa kwalo.