Taa ya Kofia na Kabati Lenye Mabawa

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyobatizwa, ingawa ile ya ubatizo nilihadithiwa tu, maana nilikuwa mchanga na kazi yangu ilikuwa kulia. Hii naikumbuka mwenyewe, kwa macho yangu na kwa aibu yangu. Ni siku mama mkwe wangu alipoongea na kabati mbele za watu, na kabati likakosa la kujibu.

Nakueleza haya kwa sababu jana nimepita nyuma ya nyumba yako. Nimeona banda umeliezeka vizuri, gari litaingia upande mmoja na meza ya kazi iko upande wa pili, nikakusikia unasema imebaki taa tu, tena unataka taa ya maana. Hilo neno "ya maana" ndilo limenikalisha chini kuandika. Na mimi nililisemaga.

Nilikuwa kijana wa Kitaji, hapo hapo Musoma, fundi seremala ambaye hata kibao cha jina hakijakauka rangi. Mchana naranda mbao, jioni nakwenda shule ya watu wazima, maana utoto wangu uliishia ziwani na marehemu baba, tukivua dagaa. Nilikuwa nimechelewa shule kiasi kwamba siku ya kwanza mwalimu alinipa shikamoo, akidhani nimeleta mtoto.

Basi nikampenda Nyamisi, binti wa Buswahili, upande wa Butiama. Kwao ni wakulima wa pamba na wafugaji, watu wasiopenda maneno mengi. Baba yangu mdogo, Majura, akaenda kuniposea. Mzee Mugaya, baba wa binti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu: "Habari ya ng'ombe tutaongea. Ng'ombe kijana anaweza kuazima kwa ndugu zake. Mikono haiazimwi. Tunasikia ni fundi. Alete kabati tuone."

Na ujue, kulikuwa na mtu mwingine kutoka Bunda, mwenye zizi limejaa, alikuwa ameshatuma salamu kwenye nyumba hiyo hiyo. Kwa hiyo kabati hilo halikuwa la kuwekea vyombo tu. Likiwa zuri, nimepata mke. Likiwa baya, Nyamisi anakwenda Bunda na mimi nabaki na msumeno.

Wakati huo ndio nilikuwa nimevutiwa umeme kwenye karakana yangu. Nikaenda madukani Iringo kutafuta taa. Pale dukani alikuwepo mama mmoja mchangamfu, tukimwita Mama Neema. Akanitolea taa ya kofia: kofia ya bati nzito, nje kijani, ndani nyeupe pee, kama bakuli lililofunikwa, na balbu moja imejificha ndani yake.

"Chukua hii, mwanangu. Imara, na bei yake haitakutoa jasho."

"Mama, hiyo si ya jineri ya pamba hiyo? Hiyo ni ya banda la ng'ombe! Mimi nataka taa ambayo mtu akipita barabarani ashtuke."

"Akishtuka si atakimbia?" akasema. Lakini biashara ni biashara. Akanishushia nilichokuwa nakitamani: taa mbili ndefu za tyubu, wazi kabisa, nyeupe kama radi, pamoja na ua la vioo la kuning'inia katikati. Nikatoka pale nimebeba mzigo kama bwana harusi aliyetangulia harusi yake.

Usinicheke bado. Nilikuwa na hoja. Baba alinifundisha kwamba dagaa hafuatwi, anaitwa. Unawasha karabai, mwanga ukiwa mkali anakuja mwenyewe, wewe kazi yako ni wavu tu. Nikajiambia, mteja naye ni vile vile. Nikazitundika zile taa mlangoni, zikaangalia barabara na ziwa. Nilipoziwasha, majogoo wa mtaa mzima waliwika saa moja ya jioni, na nina hakika kule Ukerewe kuna mtu alisimama akasema, "Huko Musoma kumekucha."

Mama yangu akatoka jikoni, mwiko mkononi, amekunja uso kwa ule mwanga. "Magesa, unavua nini nchi kavu?"

"Wateja, mama."

"Haya. Angalia usije ukavua usichokula."

Kitu ambacho sikukiona, mwanangu, na kilikuwa mbele ya pua yangu, ni kwamba taa zile zilikuwa mgongoni kwangu. Zilimulikia wapita njia. Mimi pale mezani nilikuwa nachonga ndani ya kivuli changu mwenyewe.

Jioni ya kuamkia safari ya Buswahili, nikapiga kabati vanishi ya mwisho. La mninga, milango miwili, linang'aa. Nikaliacha likauke chini ya zile taa, mlango wazi lipate upepo wa ziwa, nikaenda kwa mama kula ugali wa muhogo na sato. Nikala kwa furaha, nikaongeza, nikasifu. Niliporudi sikuliona kabati.

Lilikuwepo. Lakini unawajua wale wadudu wa ziwani, wanaoinuka majini kama moshi wa nyika inayoungua? Wote walikuwa wamekuja kwangu. Nakwambia wote, ziwa lilibaki na samaki tu. Waliochoka kuzunguka taa walikuwa wamekwenda kupumzika juu ya vanishi mbichi, na hakuna aliyeamka tena.

Asubuhi baba mdogo akaja na pikapu ya kukodi. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema, "Baba mdogo, turudi wiki nyingine." Ulimi ulikuwepo, midomo ilikuwepo. Badala yake nilikuwa nimeamka na alfajiri nikapaka vanishi nyingine juu ya maiti, nikawafunga humo ndani.

"Hivi vidoadoa ni nini?" akauliza.

"Nakshi, baba mdogo. Ya kisasa."

Akalitazama kabati, akanitazama mimi, akawasha gari.

Sasa lazima ujue jambo moja la desturi. Kule, kijana hasemi na mama mkwe uso kwa uso, wala mama mkwe hasemi naye. Ni heshima. Kwa hiyo tulipofika, mama yake Nyamisi alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya uwanja, ametugeuzia mgongo, khanga imemfunika kichwa. Mzee Mugaya akatukaribisha, tukasalimiana, kisha akapitisha kiganja juu ya mlango wa kabati, polepole, kama anapapasa ndama.

"Mbona linakwaruza?"

"Ni nakshi, baba," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia hapo hapo uwanjani. Mama mkwe akainuka. Bila kunigeukia akasogea mpaka kwenye kabati, akainama, akakwangua kwa ukucha kitu kidogo, akakiinua kwenye jua.

"Kabati," akasema.

Watu wote wakageuka. Hata kuku walisimama.

"Kabati, hii nakshi yako ina mabawa."

Baba mdogo akageuka pembeni, akashikwa na kikohozi ambacho hakijawahi kumpata mwanadamu. Ndani ya nyumba nikasikia kicheko, na nikakitambua, kilikuwa cha Nyamisi. Kilinichoma kuliko maneno.

"Tena ina miguu. Kabati, mwambie fundi wako kwamba kwetu nakshi inachongwaga. Hatujawahi kuona iliyokufa."

Mwanangu, jasho lilinitoka ungeweza kumwagilia shamba la pamba. Nikaona kudanganya mara ya pili ni kuchimba shimo nikiwa ndani yake. Nikajibu kwa njia aliyoifungua mwenyewe: "Kabati, mwambie mama ni wadudu wa ziwani. Walifuata taa yangu."

"Kabati, muulize, na hiyo taa yake ilikuwa inamfuata nani?"

"Kabati, mwambie ilikuwa inaangalia barabarani. Ili watu waone nina taa."

Mzee Mugaya ndiye aliyechukua neno, na hakuwa na hasira. "Kijana, nikiwa wa umri wako nilifanya kazi misimu kadhaa kwenye jineri kule Bunda, kinu cha kuchambua pamba. Taa zote mle zilivaa kofia. Ukiingia huoni taa, unaona pamba. Uchafu mdogo kama jani kavu unauona. Pale kilichotakiwa kuonekana ni pamba. Taa haikuja kuonekana, ilikuja kuonyesha."

Kisha akamgeukia baba mdogo. "Yule wa Bunda anasubiri jibu."

Lakini mama mkwe, akiwa bado amenipa mgongo, akasema: "Kabati, aliyekutengeneza amesema kweli mara ya pili. Si vibaya. Siku nyingine anaweza kuisema mara ya kwanza. Rudi naye. Mwezi mwingine ukiandama, uje tukuone."

Tukarudi na kabati letu. Njia nzima baba mdogo aliimba wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu nakshi inayoruka.

Nikaenda moja kwa moja Iringo. Mama Neema alicheka mpaka akashika kaunta. Lile ua la vioo akalipokea, akanipa taa ya kofia, akalitundika ua mwenyewe dukani, na mpaka leo sijasikia aliyelinunua. Zile tyubu nikazishusha mlangoni. Kofia nikaitundika juu ya meza ya kazi, mbele yangu kidogo, na ndani yake balbu yenye mwanga wa njano.

Nikaiwasha. Mwanga ukashuka mezani kama maji yanavyoshuka kwenye ndoo, haukumwagika pembeni. Na hapo ndipo nilipoliona kabati langu kwa mara ya kwanza. Weka wadudu kando. Mlango wa kushoto ulikuwa umepinda. Gundi ilikuwa imetiririka kwenye kona. Randa ilikuwa imeruka sehemu nikapita bila kujua. Kumbe hata ziwa lisingetoa mdudu mmoja, bado ningeaibika! Nilikaa kwenye kigoda nikajicheka, halafu nikaacha kucheka, nikachukua msasa.

Nilikwangua kila kitu mpaka kwenye mbao. Milango nikaitengeneza upya. Vanishi nikaipiga asubuhi, wadudu wakiwa wamelala. Mwezi ulipoandama tukapanda tena barabara ya Butiama.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda kile kile, mgongo ule ule. Akainuka, akapapasa milango, akaifungua, akaifunga, akaingiza mkono mpaka nyuma kabisa mahali ambapo hakuna mgeni anayeangalia. Akaupitisha mkono humo muda ambao kwangu ulitosha mtoto kuzaliwa, kusoma na kuoa.

"Kabati," akasema, "karibu nyumbani. Mwambie aliyekuleta anawe mikono, chakula kipo."

Nikanawa, mwanangu. Nilinawa mpaka viwiko.

Basi nasaha yangu ni hii. Usinunue taa ili uonekane una taa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na fundi anayemulika barabara kuliko meza yake anajitembeza. Chukua taa ya kofia, ile ile wanayoicheka kwamba ni ya banda. Haitamaliza mfuko wako, na kwa uimara wake itakuzika ukizubaa. Ila unapoichagua usichague kwa kuitazama rafuni. Igonge: bati jembamba linalia kama kopo, na kofia ya plastiki ikikaa na balbu ya moto inalegea kama mshumaa. Pitisha kidole kwenye ukingo, uwe umekunjwa usikukate. Ndani iwe nyeupe, kwa kuwa weupe huo ndio unaorudisha mwanga chini. Na kofia iwe na kina, ukisimama chini yake usione balbu. Ukiiona balbu, macho yako yatatazama balbu na kidole chako kitatazama msumeno.

Uitundike mbele yako, kivuli kisikuangukie kazini, na juu kiasi kwamba ukinyanyua ubao huigongi. Upande wa gari usiweke moja kubwa katikati. Ukifungua boneti inakukinga mwanga wote. Weka mbili ndogo, kila ubavu moja. Ukitaka ya nje mlangoni, iangalie chini, ya njano, jirani alale na wadudu wabaki kwao. Na kwa kuwa kofia ni chuma, muite fundi umeme aifunge na waya wake wa ardhini. Usinifanyie ujanja wa nyaya mbili na selotepu, mimi mazishi yako sitaki kuyahudhuria, nimeshazeeka.

La pili ni la ndani zaidi. Ukikosea, usipake vanishi juu ya kosa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wadudu uliowafunika leo kuna ukucha wa mtu utawatoa kesho, tena kwenye jua, tena mbele ya wakwe. Kwangua mpaka kwenye mbao. Kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele.

Mama mkwe ameshatangulia mbele za haki, na siku zote za maisha yake hakuwahi kuniangalia usoni, wala sijawahi kupendwa na mtu kama vile. Taa yangu bado iko juu ya meza, imebonyea upande mmoja, kijani yake imepauka. Nyamisi huniita kutoka jikoni chakula kikiiva, na mpaka leo hataji jina langu, husema tu, "Kabati, mwambie fundi wako aje ale."

Mimi leo sihitaji kabati la kunisemea, mwanangu. Nasema nawe uso kwa uso. Mungu akupe mikono isiyoazimwa. Akupe mwanga unaoshuka mahali unapofanyia kazi, na macho ya kuvumilia utakachokiona hapo. Kila utakachokitoa chini ya taa yako kipapaswe mbele na nyuma, kisikwaruze mkono wa mtu. Na mlango wowote utakaobisha hodi, usikie mtu ndani akisema: anawe, chakula kipo.